Mshumaa Hauioni Radoni: Hewa ya Maduara ya Lupa na Saratani ya Mapafu

Mzee mmoja wa Makongolosi, wilayani Chunya, ambaye alianza kushuka maduarani, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kabla hajaoa na sasa ana wajukuu, alinionyesha jinsi wao walivyokuwa wakipima hewa kabla ya kuingia kazini. Walichukua kopo la maziwa lililotobolewa ubavuni, wakasimamisha mshumaa ndani yake, wakaliteremsha taratibu kwa kamba huku mmoja wao amelala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo, akichungulia. Mwali ukizimika njiani, hakuna aliyeshuka siku hiyo. Ukifika chini ungali unawaka, watu walijifunga kamba na kazi ikaanza. "Mshumaa ulikuwa hausemi uongo, mwanangu," aliniambia. Kwa upande wa upungufu wa oksijeni alikuwa sahihi kabisa, na ninaamini kopo lile liliokoa maisha ya vijana wengi. Lakini ipo gesi moja ambayo mshumaa hauwezi kuitambua, kwa sababu haizimi moto, haina rangi, haina harufu na haiwashi koo wala macho. Gesi hiyo ni radoni, na baada ya sigara ndiyo inayotajwa na Shirika la Afya Duniani kuwa chanzo kikuu cha saratani ya mapafu.

Radoni huzaliwa ndani ya mwamba. Urani iliyomo katika jiwe huoza polepole kwa mamilioni ya miaka, hugeuka radiamu, na radiamu nayo inapooza hutoa gesi inayopenya katika nyufa hadi kwenye hewa. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, tukidhani kwamba urani iko pale tu palipotangazwa mgodi wa urani. Wachimbaji wa dhahabu wanaijua vizuri hesabu ya gramu kwa tani, na kwao mwamba wenye gramu 5 za dhahabu kwa kila tani ni mwamba wa kupigania. Sasa jiwe la itale la kawaida, lile ambalo wengine huliita graniti na ambalo Iringa nzima inaliona pale Gangilonga, hubeba takriban gramu 3 hadi 5 za urani katika kila tani. Kiasi hicho hakimvutii mwekezaji yeyote wa urani, lakini kinatosha kutoa radoni usiku na mchana bila kukoma. Juu ya ardhi upepo huichukua mara moja, na hakuna sababu ya mtu kuogopa jabali lililo nyuma ya nyumba yake. Ndani ya shimo lenye mdomo mmoja, lenye kina cha mita 40 na njia za pembeni zinazofuata mkanda wa dhahabu, gesi hiyo haina pa kwenda. Na sehemu kubwa ya uwanda wa dhahabu wa Lupa, kuanzia Chunya hadi Saza upande wa Mkoa wa Songwe, imelala juu ya miamba ya jamii ya itale.

Mjadala wa mionzi kusini mwa nchi yetu umekaa kwa miaka mingi kwenye urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Ni mjadala wa haki na sipendekezi ukome, kwa kuwa maji na hifadhi vinahitaji watetezi. Hata hivyo, amana ya Mkuju iko karibu na uso wa ardhi, na shimo la wazi, pamoja na madhara yake mengine, halimfungii mtu ndani ya hewa iliyotulia. Anayefungiwa ndani ya hewa iliyotulia ni kijana wa Matundasi au wa Itumbi, huko huko Chunya, anayefuata dhahabu, ambaye hajawahi kuambiwa kwamba neno mionzi linamhusu.

Ukiichunguza kwa karibu, radoni yenyewe siyo inayofanya uharibifu mkubwa, kwa maana sehemu kubwa ya gesi tunayovuta huitoa tena pumzi inapotoka. Wanaodhuru ni watoto wake. Radoni hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8, na kila chembe yake inapooza huacha nyuma mfululizo wa vitu vigumu vya mionzi, yaani poloniamu, risasi na bismathi, ambavyo maisha yake ni ya dakika chache tu. Vitu hivi hunata kwenye vumbi na moshi, huvutwa pamoja navyo, na hubaki kwenye kuta za mirija ya mapafu. Humo humo vinaoza na kurusha chembe za alfa. Chembe ya alfa huzuiwa na karatasi moja, na ngozi ya mkono wako inaizuia bila taabu, kwa sababu tabaka lake la juu limekwisha kufa. Utando wa mirija ya mapafu hauna ngao ya namna hiyo, na chembe inayorushwa kutoka hapo hapo kwenye utando huchana vinasaba vya seli zilizo hai. Seli nyingi hufa au hujirekebisha. Chache hujirekebisha vibaya, na saratani huanzia hapo, mara nyingi miaka 10, 20 au zaidi baada ya mtu kuanza kuvuta hewa hiyo. Wakala wa kimataifa unaoshughulikia utafiti wa saratani, IARC, uliiingiza radoni katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu mwaka 1988.

Ulimwengu ulichelewa sana kuelewa jambo hili, na ucheleweshaji wenyewe ndio unaonifanya niandike. Katika karne ya 16 tabibu Georgius Agricola, aliyeishi kati ya wachimbaji wa Ulaya ya Kati, aliandika kwamba kwenye migodi ya milima ya Karpati walikuwapo wanawake walioolewa na wanaume saba, wote wakamalizwa na ugonjwa wa kifua. Ilifika mwaka 1879 ndipo madaktari wawili wa Ujerumani, Härting na Hesse, walipopasua miili ya wachimbaji wa Schneeberg na kukuta uvimbe wa saratani ndani ya mapafu. Radoni ilitambuliwa mwaka 1900, na miaka ya 1920 ndipo watafiti walipoanza kuihusisha na vifo vile. Marekani ilianza kuwafuatilia wachimbaji wake wa urani mwaka 1950, wakiwamo wengi wa kabila la Wanavajo, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, lakini watu hao hawakuelezwa hatari iliyokuwa ikichunguzwa katika miili yao. Kiwango cha kwanza cha lazima cha serikali kuu kilitangazwa mwaka 1967, na sheria ya fidia ikaja mwaka 1990, wakati wengi wa waliostahili kulipwa walikuwa wameacha wajane. Mwaka 1999 wanasayansi wa nchi hiyo walikusanya tafiti 11 za wachimbaji wa chini ya ardhi kutoka mabara kadhaa, jumla ya wanaume wapatao 68,000, na kati yao 2,700 walikuwa wamekufa kwa saratani ya mapafu. Baada ya hapo mjadala wa kama radoni inaua wachimbaji ulikwisha kabisa.

Mfano ninaoutaka msomaji wa Chunya aushike, lakini, hautoki kwenye mgodi wa urani. Unatoka St. Lawrence, mji mdogo wa wavuvi katika kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada, ambako uchimbaji wa madini ya floraiti ulianza mwaka 1933. Floraiti haina mionzi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kupeleka kifaa cha kupimia mionzi kwenye mgodi ule, na kwa miaka zaidi ya 20 hakuna aliyekipeleka. Wanaume walikohoa, walikonda, wakazikwa, na kilichofikiriwa kwanza ni vumbi na kifua kikuu. Vipimo vilipofanywa mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo radoni ilipopatikana kwa kiwango cha kutisha, na chanzo chake kikuu kilikuwa maji. Maji ya chini ya ardhi yaliyopita kwenye itale yalibeba radoni iliyoyeyuka ndani yake, yakaingia mgodini, na kila yalipodondoka na kutiririka juu ya mawe yaliiachia gesi hewani, kama soda inavyoachia gesi yake chupa ikifunguliwa. Feni kubwa zilifungwa mwaka 1960, hewa ikabadilika, lakini waliokuwa wamekwisha kuvuta hewa ya zamani waliendelea kuugua hata baada ya mgodi kufungwa mwaka 1978.

Ukiisoma habari hiyo ukiwa umewahi kusimama chini ya duara la Lupa mwezi wa Machi, maji yakichuruzika ukutani na pampu ikinguruma juu kwa saa nyingi, huwezi kuipuuza. Itale iko. Maji yako. Njia zilizokwisha kuchimbwa na kuachwa wazi ziko, nyingine zikiwa za zamani sana, kwa sababu vijana huingia hata kwenye mashimo yaliyoachwa na wakoloni, wakiamini, na mara nyingi kwa haki, kwamba Mzungu aliacha dhahabu nyuma. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi kuanzia mwaka 1939 hadi 1956. Njia zilizoachwa za migodi ya namna hiyo ni maghala ya hewa iliyokaa, na anayezifungua huifungulia hewa hiyo njia ya kuja pale anapopigia tindo.

Dawa ya radoni ni hewa inayotembea, na namna inavyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa makini, kwa kuwa wenye maduara wengi wanaijua nusu yake. Hewa safi hupunguza gesi iliyopo, hilo ni wazi. Jambo la pili si wazi: watoto wa radoni huhitaji muda ili wajae. Hewa iliyoingia sasa hivi ina wachache, lakini ikikaa bila kuondolewa kwa saa 3 au 4, wanakuwa wamefikia kilele. Kwa hiyo duara lililofungwa tangu Jumamosi jioni huwa na hewa mbaya kuliko zote asubuhi ya Jumatatu, saa ile ile ambayo watu wana haraka ya kushuka. Wachimbaji wetu wana desturi nzuri ya kusubiri moshi wa baruti upungue kabla ya kuingia. Desturi hiyo hiyo, feni ikiwashwa saa moja kabla ya mtu wa kwanza kushuka hata siku ambayo hakuna baruti iliyopigwa, ingeondoa sehemu kubwa ya mzigo huu. Feni iliyowekwa chini ikizungusha hewa ile ile ya chini haisaidii, inampoza tu mtu jasho. Hewa lazima itoke juu na irudi juu.

Wengi hutegemea kompresa, ile inayoendesha mashine ya kutobolea mwamba, kwamba hewa yake ikitoka chini inatosha kupumua. Nimeona duara moja ambalo mdomo wa kuvutia hewa wa kompresa ulikuwa hatua mbili kutoka kwenye bomba la moshi wa injini ya dizeli, na upepo ukivuma kutoka mashariki moshi wote ulikuwa ukiingia huko na kupelekwa kwa watu walioko chini. Moshi wa dizeli nao uko kwenye kundi moja la IARC na radoni tangu mwaka 2012. Mwenye duara alipoonyeshwa alishtuka kweli, akaisogeza injini siku ile ile. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuna aliyewahi kusimama naye pale na kumwonyesha.

Njia bora na ya bei nafuu zaidi ni kuwa na midomo miwili, ili hewa iingie huku na itokee kule. Hapo tunakutana na tatizo ambalo halimo katika vitabu vya uhandisi. Duara la jirani likikutana na lako chini ya ardhi, sisi tunaita mtobozano, na mtobozano ni ugomvi: ni nani kaingia eneo la nani, mawe yaliyobebwa ni ya nani, na nani alikuwa na leseni. Watu wameumizana kwa sababu hiyo. Matokeo yake ni kwamba wenye maduara mawili yaliyotengana kwa mita 15 huziba kwa mawe upenyo ambao ungewapa wote hewa. Ofisi ya madini ya mkoa inao uwezo wa kusimamia makubaliano ya njia ya hewa kati ya majirani, yenye mpaka uliowekwa alama na wavu wa chuma unaopitisha upepo na kumzuia mtu. Ningependa kuona jambo hilo likijaribiwa hata mahali pamoja kabla ya kuagiza mashine za gharama. Sambamba na hilo, njia zisizotumika zizibwe vizuri, na maji yavutwe kwa bomba kutoka pale yanapotokea badala ya kuachwa yatiririke njia nzima hadi kwenye shimo la pampu.

Majira nayo yana neno lake. Usiku wa Juni na Julai, baridi inaposhuka, hewa nzito ya nje huteremka duarani na ile yenye uvuguvugu hupanda, hata bila feni. Mchana wa Oktoba, nje kukiwa na joto kuliko chini, hewa ya ndani hukaa kama maji ya mtungi. Anayepima mara moja, mwezi mmoja, ataondoka na jibu la mwezi huo.

Na kupima ndiko kunakopaswa kutangulia. Sidai kwamba duara hili au lile limevuka kiwango. Kipimo ndicho kitakachosema, na kipimo chenyewe ni kitu kidogo. Kuna vikopo vya plastiki vinavyoenea kiganjani, visivyotumia umeme, ambavyo ndani yake mna kipande cha plastiki kinachoachwa na alama kila kinapogongwa na chembe ya alfa. Kinaning'inizwa kwa miezi 3, kinapelekwa maabara, na alama zinahesabiwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 kwamba nyumba zisizidi bekereli 100 (bekereli ni kizio cha kupimia mionzi) katika kila mita ya ujazo ya hewa, na pale isipowezekana zisivuke 300. Kwa mahali pa kazi, viwango vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki vya mwaka 2014 vinaweka ukomo wa rejea usiozidi 1,000. Tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, tunayo OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, yenye sheria yake ya mwaka huo huo, na tunayo Tume ya Madini. Vikopo 100 vilivyogawanywa kati ya Chunya, Songwe na machimbo ya Nyakavangala mkoani Iringa, masika na kiangazi, vingetupa ramani ambayo taasisi hizi tatu zingeifanyia kazi kwa miaka mingi.

Nimeulizwa kwa nini niongeze hofu nyingine kwa mtu ambaye tayari ana zebaki, vumbi la mawe na hatari ya kufukiwa na kifusi. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba hewa inayoondoa radoni ndiyo inayoondoa vumbi na moshi wa baruti, kwa feni moja na kwa gharama moja. Vumbi lenye silika nalo linasababisha saratani ya mapafu, na linafungua mlango wa kifua kikuu. Tukiitaja radoni, feni inapata sababu moja zaidi ya kununuliwa.

Sigara haiwezi kukosekana katika habari hii. Takwimu za mamlaka ya mazingira ya Marekani zinaeleza kwamba kati ya wavutaji 1,000 wanaoishi maisha yao yote ndani ya nyumba yenye bekereli 148, takriban 62 wanaweza kupata saratani ya mapafu. Kwa wasiovuta kabisa, katika nyumba ya aina hiyo hiyo, ni 7. Radoni na sigara hupandishana. Kijana anayewasha sigara akitoka duarani anazidisha hatari mbili ambazo kila moja ingetosha peke yake, na hilo aambiwe na msimamizi wake, kwa lugha ya kazi.

Linalonisumbua kuliko yote ni zahanati. Kikohozi kisichoisha, damu kwenye makohozi, kukonda na maumivu ya kifua ni dalili za kifua kikuu, na ni dalili za saratani ya mapafu vilevile. Katika maeneo ya machimbo kifua kikuu ni kingi, kwa hiyo mganga anayekishuku kwanza anafanya sawa. Kosa linaanza pale makohozi yanapopimwa yakakosa vimelea, mgonjwa akaanzishiwa dawa za miezi 6 hata hivyo, zikaisha bila nafuu, akaanzishiwa tena. Kwa saratani, miezi hiyo ndiyo tofauti ya uvimbe unaoweza kukatwa na ule uliosambaa. Mgonjwa aliyewahi kufanya kazi chini ya ardhi, ambaye vipimo vyake vya kifua kikuu havioni kitu, anastahili kupelekwa hospitali ya rufaa mapema kwa picha ya CT, na swali "umewahi kushuka duarani, kwa miaka mingapi?" linapaswa kuandikwa kwenye faili lake siku ya kwanza. Safari ya kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na familia nyingi huianza zikiwa zimekwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya kifua kikuu kisichokuwapo.

Hata akigundulika, nani atamlipa? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, na unamhudumia mfanyakazi ambaye mwajiri wake anachangia. Mchimbaji wa Lupa kwa kawaida hana mkataba. Analipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe, anahama rashi, yaani mmiminiko wa watu kwenye dhahabu mpya, ikitokea kwingine, na duara likibadilisha mwenyewe hata daftari la mahudhurio, kama lilikuwapo, linapotea. Ugonjwa unaokuja miaka 20 baadaye hauwezi kurudishwa kwenye shimo ambalo halina kumbukumbu ya nani alishuka. Leseni ndogo ya uchimbaji ingeweza kuwa na sharti dogo, kwamba kila duara liwe na daftari lenye jina la anayeshuka, tarehe na kina, na nakala yake ipelekwe ofisi ya madini kila mwaka. Kikopo cha kupimia bila daftari hilo kitatuambia hewa ilikuwaje, lakini hakitatuambia nani aliivuta.

Yule mzee wa Makongolosi amemaliza dozi ya pili ya kifua kikuu mwaka huu na bado anakohoa. Tulipokuwa tumekaa kwenye gogo nje ya nyumba yake nilimwomba anitajie maduara yote aliyowahi kufanyia kazi. Alifumba macho, akaanza kuhesabu kwa vidole: jina la duara, jina la aliyekuwa mwenye duara, walifika mita ngapi, lilikuwa na maji au kavu, lilikuwa na mdomo mmoja au miwili. Alitaja 11. Yenye midomo miwili yalikuwa 2. Binti yake alinipa karatasi ya daftari la shule, nikaandika yote kwa mpangilio wa miaka, naye akaikunja karatasi na kuiweka ndani ya bahasha ya picha zake za eksirei, ili daktari wa rufaa aikute humo watakapokwenda Mbeya.